Jirani Aliyenusa Kuta Zetu

Mtu mwingine akija kwako anakutazama wewe. Jirani yangu hakuwa hivyo. Akishapiga hodi na kuingia, macho yake yanakupita begani, yanakwenda kutua ukutani, na pua inafuata nyuma. Anavuta pumzi moja fupi, anaizuia kifuani, halafu ndipo anapouliza, "Kwema humu?" Mimi nilikuwa nikimjibu kwema, alhamdulillahi, huku moyoni najiuliza mwanamke huyu ananusa nini nyumbani kwangu.

Nilikaa naye dirisha kwa dirisha miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, pale Chake Chake, katika nyumba za mawe zilizozeeka kabla sisi hatujazaliwa. Baina ya nyumba yake na yangu palikuwa na kichochoro chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na maji ya mapaa yetu yakimwagika humo humo. Zamani nyumba zote mbili zilikuwa za mumewe. Huyo mume, Mungu amrehemu, aliiuza hii yetu kwa baba mkwe wangu alipobanwa na shida zake, na watu wanasema mkewe hakuambiwa neno mpaka alipoona vyombo vya wageni vinaingizwa. Hilo nililisikia wiki niliyoletwa pale bibi arusi, na nikaliweka. Mie mtu wa kushuku, sikatai. Mtu ambaye nyumba yake imeuzwa nyuma ya mgongo wake hasahau, na asiyesahau hulali naye usingizi mzito ukuta kwa ukuta.

Nasaba yake siijui sawasawa wala sikuiuliza. Asili yao ilikuwa ya Manga, Arabuni huko, lakini Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Alikuwa mrefu, mkavu, ana vidole virefu, na kanga zake hata ziwe kuukuu zilinukia jua. Sisemi udi. Udi kila mwanamke alikuwa nao. Zake zilinukia jua, na masika wakati nguo zetu sote zina harufu ya uvundo, yeye akipita unageuka.

Jua lilikuwa kazi yake. Mvua ikikatika tu na mbingu zikifunguka, utamsikia uani kwake anaburuta. Anatoa magodoro, mito, mikeka, viatu, misahafu anaitandika juu ya kitambaa cheupe na kuifungua mmoja mmoja, na makasha anayageuza yakatazama jua midomo wazi. Kila kona ya kasha aliweka kipande cha mkaa na karafuu kavu chache zilizofungwa kwenye kitambaa. Nguo mbichi haikuanikwa ndani ya nyumba yake hata siku ya gharika. Kabati zake, vitanda vyake, kila kitu kilikaa shubiri moja mbali na ukuta, na hiyo shubiri alikuwa akiipima kwa mkono wake mwenyewe.

Angepima kwake tu ningenyamaza. Lakini alikuwa akipima na kwa watu. Siku moja tulikuwa hitimani kwa jamaa mmoja, watu wameinamisha vichwa, shehe yumo katika dua, nainua jicho namwona jirani yangu ameuingiza mkono nyuma ya kabati la mwenye nyumba mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akautazama, akaufutia kwenye buibui lake, kisha akaitikia amin. Mwenye nyumba alimwona. Baadaye aliniuliza, "Huyo jirani yako anatafuta nini kwenye makabati ya watu?" Nikamwambia muulize mwenyewe, mie mwaka wa sita huu sijapata jibu.

Alikuwa na maneno yake. "Ukungu hauletwi na mvua, unaletwa na komeo." Hilo alilisema mpaka watoto wa mtaa wakawa wanamwigiza. Au akiona mtu ameziba dirisha kwa gunia wakati wa kusi, atasimama njiani amwambie, "Jiwe linakunywa maji, mwanangu. Liache litoe pumzi, ama litakutapikia." Ukimjibu kwamba baridi inaingia, atakwambia baridi haijaozesha nguo ya mtu.

Lakini hebu nieleze na upande wa pili, nisije nikamfanya walii. Huyu aliyehubiri madirisha mji mzima, chumba chake cha mbele kilikuwa na kufuli, na hapana mtu niliyemjua aliyewahi kuingia. Tuliishia ukumbini. Alikuwa bahili wa sukari, chai yake unaweza kutawadhia. Lakini chokaa aligawa. Uani alikuwa na shimo la chokaa iliyozimwa, inakaa humo miezi imefunikwa maji, na mtu yeyote akimwendea na ndoo alimjazia bila kumwuliza ya nani. Na siku zile, wanaokumbuka wanajua, siasa ilikuwa imeingia mpaka katika vyungu vya watu. Mtu hendi mazikoni mpaka aulize maiti alikuwa upande gani. Yeye na sisi hatukuwa upande mmoja. Ndoo ya chokaa alikupa, salamu yako njiani hakuijibu.

Na dirisha lake. Dirisha lake la kichochoroni lilitazamana na letu, na chini ya dirisha hilo aliweka kiti. Hapo ndipo alipochambua mchele, aliposoma uradi, alipokaa tu. Sisi ndani mwetu tukisema neno, lazima litoke na lifike. Mume wangu alikuwa na duka dogo la nguo na mikarafuu ya urithi huko Wawi, na kila alichokisema chumbani asubuhi kuhusu mavuno alidai anakisikia kimerudi sokoni jioni. Mie nilimwambia huenda watu wanabahatisha. Akanijibu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sikubisha sana, maana na mie nilikuwa nikidhani vivyo hivyo.

Ulipokuja msimu mmoja mvua ikawahi. Karafuu zilikuwa bado majamvini kule Wawi, hazijakauka, ukiivunja moja haitoi mlio. Na wezi walikuwa wengi. Basi mume wangu akazileta mjini kwenye mkokoteni zimefunikwa, akazimwaga katika chumba chetu cha chini, zikajaa mpaka ukutani. Sisi Wapemba karafuu tunailinda kuliko macho, tutailaza ndani hata mbichi kuliko kumwachia mtu. Na kwa kuwa hatukutaka jirani ajue tuna kiasi gani, dirisha la kichochoroni likafungwa. Halikufungwa kwa komeo tu, lilipigwa misumari. Mume wangu aliipiga mwenyewe, na kila nyundo ikilia namwona jirani upande wa pili anatazama, mikono mapajani.

Chumba kile ndicho alicholala mwanangu. Tulimhamishia kitanda chake upande wa mlango ili karafuu zipate nafasi.

Ukungu ulianza mweupe kwenye kona, nikaufuta kwa kitambaa. Ukarudi kijani. Halafu ukawa na madoa meusi yanapanda. Viatu vya mume wangu vikaota manyoya, kofia zake za kazi ya mkono zikatiwa madoa ya manjano, na buibui langu zuri nikalitoa kashani limenuka kama lilizikwa. Karafuu zenyewe nazo zikapauka. Tuliziuza kwa aibu, lakini chumba kilikuwa kimekwisha kujifunza ukungu.

Mwanangu akaanza kukohoa.

Nilikuwa nimeshamzika mmoja kabla yake, kwa hiyo mtu asinifundishe kikohozi cha mtoto. Hiki hakikuwa cha mafua. Kilikuja akishalala, kikavu, kisha anavuta pumzi kwa mluzi, mbavu zinaingia ndani. Mchana akitoka nje anacheza. Akirudi chumbani, kinaanza upya. Nilimkanda mafuta ya nazi, nilimpa asali na tangawizi, nilimfukizia, na kumfukizia ndiyo nikamzidishia. Hospitali wakampa dawa, wakaniambia ni kifua, hewa anayovuta si nzuri, kama tuna pahala pengine tumhamishe.

Mume wangu dawa yake ilikuwa saruji. Zama zile saruji ndiyo kila kitu, mtu akishapiga saruji amestaarabika. Akaleta fundi, ukuta wote wa kichochoroni ukapigwa saruji kwa ndani hadi kimo cha mtu, ukapakwa na rangi ya mafuta ya kijani, unang'ara. Tulifurahi kweli. Watu walikuja kutazama, na yeye jirani akaja. Hakutazama rangi. Alibandika kiganja ukutani, akakaa nacho muda, kisha akasema, "Mmemziba mdomo huyu."

"Nani, Bi Mkubwa?" nikamwuliza.

"Ukuta. Maji yamo ndani, atayatolea wapi?"

Mume wangu alicheka. Jirani alipokwishaondoka akaniambia, "Umeona husuda ile? Nyumba ikiharibika anapita kimya, ikipendeza anakuja na maneno." Na masika yalipopamba, maji yakapita juu ya saruji, yakatokea kule karibu na boriti, doa refu jeusi kutoka pembe hadi pembe. Rangi ikafanya malengelenge. Kikohozi kikazidi.

Sasa nisikilizeni jinsi mambo yalivyopangana. Siku zile zile akapita dalali dukani kwa mume wangu, anauliza kama nyumba inauzwa. Nani kamtuma, hasemi. Mtaani wakasema katumwa na jirani yetu, lisemwalo lipo. Na asubuhi moja natoka nyuma kumwaga majivu, namkuta kichochoroni, amejifunga kanga kiunoni, ana ndoo, maji yanatiririka chini ya ukuta wangu.

"Bi Mkubwa," nikasema, "unafanya nini ukutani kwangu?"

"Kwako? Na huu mfereji wa nani?"

"Naona maji."

"Unaona maji, hukuona majani?" Akanionesha ndoo. Ilikuwa na majani yaliyooza na tope jeusi. "Mfereji umeziba tangu mlipojifungia. Hamchungulii tena. Maji yanasimama hapa, yananyonywa na msingi wangu na wako."

Ilikuwa kweli imejaa majani. Lakini ndoo ya majani ingeweza kuwa ndoo ya maji kabla sijatoka, na mie sikuwapo. Nilirudi ndani sijui nimuamini nani. Mume wangu nilipomsimulia akasema basi imekwisha, tutahamia Wawi kwenye nyumba ya udongo, hii akiitaka aichukue. Mie sikutaka. Ndiyo nyumba pekee niliyokuwa nayo duniani. Na mtoto naye nilimtaka. Nikakaa siku kadhaa nazipima hizo mbili, kana kwamba zinapimika.

Adhuhuri moja mume wangu yuko dukani, mtoto amekohoa mpaka ametapika, nimempakata, nasikia hodi. Sijaitikia, mtu ameshaingia. Ni yeye. Hakunusa safari hii. Alikwenda moja kwa moja chumba cha chini, na mkononi ana kipande cha chuma.

"Inuka na huyo ntoto, nkae ukumbini," akaniambia.

"Bi Mkubwa, mwenye nyumba hayupo."

"Mwenye nyumba n'nayemtaka ni weye. Nshikie ubao huu."

Akaanza kuing'oa misumari. Mie nasimama, hasira zimenipanda, najiambia nimzuie, nimwite nani, na huku mkono wangu umeushika ubao. Dirisha likafunguka, upepo ukaingia ukaniletea uvundo wote wa chumba puani, na hapo ndipo niliponusa mwenyewe alichokuwa akikinusa yeye miaka yote. Nilikuwa nimeuzoea. Akaniambia mambo haraka haraka, hanitazami. Kitanda kitoke humu. Saruji ibanduliwe yote, ukuta ukae uchi ukauke kaskazi nzima, tusiupake kitu. Kisha chokaa tupu, nyepesi, koti juu ya koti, na chokaa nikachukue kwake. Madoa niyafute kwa chokaa, si kwa maji matupu, na kitambaa kile nikichome. Dirisha hili na la barazani yawe wazi pamoja kila asubuhi, moja peke yake halifai kitu. Na karafuu isilale tena ndani ya nyumba hii mpaka ivunjike na kulia.

"Na mume wangu nimwambie nini?" nikamwuliza.

"Mwambie n'neng'oa mie. Mie keshanichukia zamani."

Mume wangu alipiga kelele, ndiyo. Alisema sasa yule mwanamke anaingia kwetu na kuvunja, kilichobaki ni kutandika mkeka. Lakini usiku ule mtoto alilala ukumbini na hakukohoa sana, na asubuhi mume wangu mwenyewe ndiye aliyemwita fundi aje abandue. Fundi hakufurahi. Nyuma ya saruji ukuta ulikuwa umelowa, ukiuchota kwa kijiko unatoka. Ulikauka polepole, miezi, ukitoa chumvi nyeupe nami naifagia. Kisha chokaa, ndoo kwa ndoo kutoka shimoni kwake. Masika yaliyofuata doa lilijitokeza kidogo pembeni likakoma hapo. Mtoto alikohoa kidogo, naye akakoma.

Mngedhani tukawa mashoga. Hapana. Nilifungua dirisha, sikuifungua roho. Nikatundika pazia, na kila nikiliona kile kiti chake pale chini ya dirisha nashusha sauti. Nilikuwa nikijiuliza, mtu wa upande mwingine, mwenye donda la nyumba, anafanya wema huu kwa faida gani? Wema usio na sababu unanitisha zaidi ya uadui. Nikamngojea alete bei yake. Akileta samaki wa Tumbe kwenye sahani, nauliza moyoni. Akinitumia ndoo, nauliza. Hakuleta bei yoyote, na hilo nalo nikalishuku.

Alipozidi kuchoka mpwa wake alimchukua akakae naye Wingwi, na nyumba yake ikafungwa. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilisikia anaumwa, nikamchukua mwanangu, wakati huo yuko skuli, kifua kizima, tukaenda na mkate wa mofa na asali. Tulimkuta amekaa kitandani kwenye chumba cha udongo chenye mwanga mwingi, amekonda, vidole vile virefu vimelala juu ya shuka. Alimwita mtoto, akamshika mgongoni, akamwambia avute pumzi. Mtoto akavuta. Akamwachia aende zake nje na wenziwe.

Tukazungumza ya maradhi, ya mvua, ya waliokufa. Siasa hakuitaja wala mie sikuitaja. Nikaona jioni inafika na huenda nisimwone tena, na neno langu limenikaa kooni miaka.

"Bi Mkubwa," nikamwambia, "nikuulize, usinichukie. Yule dalali ulimtuma weye?"

"N'limtuma," akasema. Hakufikiri hata kidogo.

"Ulikuwa ukiitaka nyumba."

"Naitaka hata leo. Nyumba ile mie ndiye n'liyeitilia udi siku ilipoezekwa. N'taitaka mpaka nikazikwe." Akaivuta shuka magotini. "Na mlikuwa mwenda zenu. Masika mengine mamoja tu mngehama wenyewe, na mumeo angekuja kunbembeleza niichukue. Nilikuwa nshajua na mahali pa kuweka kitanda changu."

Basi kumbe yote niliyoyashuku yalikuwa kweli. Nilikaa nayo pale, sijui kama nishukuru au niondoke. "Sasa mbona ulikuja kutufungulia?" nikamwuliza.

Alinikasirikia, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Ntoto alikuwa akikohoa," akasema. "N'lifunga dirisha langu, n'kalitia na mto. N'kamsikia vivyo hivyo."